Vifaranga vya Bwawa la Saba

Pale kwenye mabwawa ya kuzalisha samaki, jina lake la kuzaliwa lilijulikana na karani peke yake. Wengine wote walimwita Jicho. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, si msemaji sana, mwenye kofia ya majani iliyochakaa ukingo mmoja. Kazi yake, ukimwuliza mtu, ilikuwa kutazama maji.

Kutazama maji si lelemama. Mabwawa yalikuwa kumi na mawili, yameshuka ngazi kwa ngazi kuelekea mtoni, na asubuhi jua likishapasha kingo zake moto, vifaranga hupanda juu kwa makundi. Mimi na wewe tungeona uchafu mweusi unaotetemeka, basi. Jicho angesimama ukingoni, mikono nyuma, akakuambia: lile kundi linalokunjika na kukunjuka kama shuka ni perege wa siku kumi. Wale weusi walioshikamana chini, kivulini, ni kambare. Hawa hapa hata si samaki, ni viluwiluwi, ukiwauza mteja wako atafuga vyura. Na vile vinavyong'aa na kugeuka vyote mara moja kama vimepigiwa filimbi ni dagaa wa mtoni, kwa hiyo chujio la mfereji limetoboka, mwambieni fundi.

Aliyesumbua zaidi ya wote alikuwa furu. Furu ni samaki wa mtoni asiyezidi kidole. Mlishe mwaka mzima, atakula, atanenepa, na atabaki kidole. Lakini akiwa kifaranga anafanana na perege, mpaka namna mama yake anavyomlea mdomoni ni ileile. Tofauti iko kwenye mwendo, na ni ndogo. Ukitupa kivuli juu ya maji, vifaranga vya perege hutawanyika na kurudi juu palepale. Vya furu huzama vyote na kuibukia kwingine. Baadaye perege huota doa jeusi nyuma ya pezi la mgongoni, na hapo kila mtu huwa mtaalamu. Ila wateja huchukua vifaranga kabla ya doa, ndiyo maana Jicho akawekwa pale.

"Miaka kumi na tisa," alikuwa akiwaambia wageni mvuta wavu wake, "na hajakosea hata siku moja. Huyu akikwambia mkeo ni kambare, nenda kamwangalie masharubu."

Mvuta wavu huyo walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Nyumbani Jicho aliishi na mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani, meza kubwa ya kukatia nguo, kioo kirefu na kamba ya kutundikia. Cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili na jiko la mafuta. Mmoja aliachwa na mume, mwingine alimwacha wake, na walikuwa wakisema matokeo ni yaleyale: kila mtu na kitanda chake, na hakuna wa kukoroma. Watoto hawakujaliwa. Miaka ishirini na mbili waliishi hivyo, wakigombana juu ya vitu vidogo tu, kama nani ameacha sufuria bila kuiloweka.

Jumatatu moja mdogo alisema kichwa kinamgonga. Jumanne alishona huku amejifunga kitambaa kwenye paji la uso. Jumatano walimlaza. Alhamisi, saa nne asubuhi, muuguzi alitoka wodini akiwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake Jicho aliona kandambili za mdogo wake. Akajua kabla hajaambiwa. Aliupokea ule mfuko, akasema, "Ahsante."

Mazishi yalikwisha siku ya pili. Ndugu walijaa, wakalia, wakapika, wakalala chini kwenye mikeka, wakaondoka. Jicho hakulia. Alichota maji, alionyesha watu choo, alitafuta vikombe. Binamu mmoja alimnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Kumbe ndiyo maana wanamwita Jicho. Jicho kavu." Alimsikia. Neno lilipita kama mtu anayepita barabarani.

Siku ya sita alirudi kazini.

"Mbona mapema?" Redio alimwuliza. "Si upumzike kidogo, dada?"

"Nipumzike nifanye nini?"

Redio akaokota wavu wake.

Hakuna aliyemzuia. Angekuwa amefiwa na mume, au na mtoto, pengine meneja angempa mwezi. Lakini mdogo mtu? Watu walisema pole, wakatikisa kichwa, wakaendelea na mambo yao. Naye aliendelea na yake. Aliamka, alioga, alifika, alitazama maji, alirudi. Alikula akiwa amesimama kando ya jiko, kwenye sufuria, na mara nyingi akiweka kijiko chini hakuwa na habari kama alichokula kilikuwa na chumvi. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini ni kama gogo. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima, na haikumuuma, wala hakuona ajabu.

Jioni wateja wa mdogo wake walibisha hodi. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa nguo zao: magauni yenye mkono mmoja, suruali zisizo na kiuno, vitambaa ambavyo havijaguswa na mkasi. Wengine walikuja na machozi, wengine na haraka. "Pole sana, dada. Kile cha kijani nadhani ni changu." Jicho alimpa kila aliyekuja kile alichokionyesha. Hakuuliza. Akisema cha maua, akampa cha maua.

Siku moja katika siku hizo, Jicho akiwa kwenye tuta la bwawa la saba, meneja alimpigia kelele kutoka mbali. Alikuwa kijana mwenye simu mbili, hodari, ila hakupenda kulowa.

"Kuna mteja hapa anataka vifaranga mia tano! La saba vipi?"

Jicho akatazama maji.

"Perege," akasema.

Redio akavuta wavu. Vikahesabiwa kwa kikombe, vikatiwa kwenye mifuko ya plastiki, ikajazwa hewa, ikafungwa. Mteja, mama mmoja wa makamo ya juu, alipanda kwenye pikipiki ya mizigo akiwa ameipakata mifuko hiyo. Hayo yalikwisha kwa nusu saa.

Miezi mitano ikapita.

Yule mama alirudi siku ya Jumanne na ndoo yenye kifuniko. Alikuwa mkunga mstaafu. Alipostaafu alichimba bwawa nyuma ya nyumba yake, na kila mtu mtaani kwake alishajua kwamba mwaka huu Mkunga anafuga samaki. Aliiweka ndoo juu ya meza ya meneja, juu ya karatasi zake, akafunua.

"Shikamoo, mama," meneja akasema, akiziokoa karatasi.

"Marahaba. Niambie, mwanangu, hawa ni samaki au ni utani?"

Ndani ya ndoo walikuwamo samaki kama ishirini, kila mmoja sawa na kidole, wanene, wenye afya, wameridhika na maisha.

"Wamedumaa," meneja alisema papo hapo. "Unawalisha nini?"

"Nawalisha mlichoniambia niwalishe. Pumba, unga wa dagaa, asubuhi na jioni. Miezi mitano. Hata wajukuu zangu sikuwalisha kwa saa namna hiyo."

"Basi ni maji, mama. Maji yako yana shida. Au umewajaza wengi mno." Akamgeukia karani. "Niitie Jicho aje amweleze mama mambo ya maji."

Jicho aliletwa na kofia yake mkononi. Meneja alikwisha kumpa jibu kabla hajafika mezani: "Mweleze mama samaki wanavyodumaa maji yakiwa machafu." Na akamkonyeza, kwa jicho ambalo Mkunga hakuliona.

Jicho aliinama juu ya ndoo. Hakuhitaji hata kuvuta pumzi. Mgongoni hapakuwa na doa. Na madume, kwenye pezi la chini karibu na mkia, walikuwa na vidoa vya njano vya mviringo kama mayai, alama ya furu, ambayo hata Redio angeiona.

"Hawajadumaa," akasema. "Wamefika mwisho wao. Ni furu."

Meneja akaziweka chini simu zake zote mbili.

"Furu?" Mkunga aliuliza. "Niliwapata hapahapa."

"Ndiyo, mama. Bwawa la saba. Niliyesema ni perege ni mimi. Nilikosea."

Alilisema kama mtu anayetaja saa. Meneja alikuwa mwekundu wa macho. Alimwomba Mkunga asubiri nje kidogo, akafunga mlango.

"Umeniua! Ungesema tu maji!"

"Si maji."

"Najua si maji! Jicho, wewe unajua la saba limetoa vifaranga kwa watu wangapi?"

"Sijui," alisema Jicho. Na hilo ndilo lililomsimamisha kidogo, kwa sababu lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia. Alijaribu kuikumbuka ile asubuhi: tuta, maji, kundi, uso wa yule mama. Hakupata kitu. Akajaribu wiki ile. Akajaribu mwezi. Kulikuwa na mfuko wenye kandambili, halafu kulikuwa na leo.

Nje alimkuta Redio amechuchumaa, anashona wavu.

"Siku ile nilikuuliza mara mbili," Redio alisema bila kuinua uso. "Nikakwambia, dada, mbona vinazama? Ukasema perege. Nikauliza tena. Ukasema perege. Nikasema moyoni, mimi ni nani hata nibishane na Jicho."

"Ungebishana."

"Sasa hivi nabishana. Umekonda. Kula."

Bwawa la saba lilikaushwa siku ileile. Chujio la mfereji wake lilikuwa na tundu la kupita ngumi, na mamia ya furu wazazi wakapatikana matopeni. Wateja wengine wawili tu ndio waliochukua vifaranga vya pale, wakapelekewa habari. Meneja alimwahidi Mkunga vifaranga vingine bwawa likishatengenezwa na kupandwa upya, labda baada ya miezi mitatu, na akamtoa Jicho kwenye kutazama maji. Kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa kukagua machujio. Jicho alikubali kwa kichwa. Meneja alikuwa amejiandaa kwa kilio au matusi.

Jumamosi hiyo, bila kutumwa na mtu, Jicho alikwenda kwa Mkunga na buti za mpira ndani ya mfuko. "Nimekuja kukausha bwawa," alisema mlangoni. "Ukiwaacha watajaa mpaka pomoni, na perege ukiwaleta watakosa pa kuishi."

Mkunga alimtazama kuanzia kofia mpaka miguu. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Muongo. Ingia."

Bwawa lilikuwa dogo, la hatua ishirini kwa kumi, limezungukwa na migomba na uzio wa mabati. Walifungua bomba la chini, maji yakaanza kutoka polepole kwenda kwenye bustani ya mchicha. Jicho aliingia matopeni na wavu wa mkono. Mkunga aliketi juu ya kigoda ukingoni, na kila furu aliyetolewa alimpokea kwa karai. Wangekaangwa wakavu, hakuna cha kutupwa.

Mkunga alikuwa na ukungu mweupe machoni, akitazama vitu kwa kugeuza kichwa pembeni kama kuku. "Nina mtoto wa jicho," alieleza. "Macho yote mawili. Maisha yangu yote nimezalisha watoto wa watu, na mimi uzeeni nikazaa hawa."

Jicho alijua kwamba hapo ndipo mtu hucheka. Akasema, "Pole, mama."

Saa sita jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa yamefika magotini. Mkunga akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Siku ile ulikuwa na nini?"

"Siku gani?"

"Uliponipa vidole badala ya samaki."

Jicho aliendelea kuburuta wavu. "Nilikuwa nimezika."

"Nani?"

"Mdogo wangu."

"Mkubwa au mtoto?"

"Arobaini na tatu. Tulikuwa tunakaa pamoja."

Mkunga hakusema pole. Hakusema Mungu ndiye mpangaji. Alitoa samaki mmoja aliyenasa kwenye kidole chake, akamtupia kwenye karai.

"Wiki niliyomzika mume wangu," alisema baadaye, "nilizalisha watoto wanne. Imeandikwa kwenye daftari la zahanati, kwa mwandiko wangu. Wanne, na mama zao wote walitoka salama. Lakini sikumbuki hata mmoja. Sijui kama ni wa kiume au wa kike. Mmoja sasa ana duka pale kona. Hunisalimia kila siku, mama mkunga, mama mkunga. Naitikia. Sijui nilimpokea vipi. Labda kwa miguu."

"Ulikumbuka baadaye?"

"Hapana."

Jicho alingoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akainama tena.

Alasiri, maji yalipobaki dimbwi moja katikati, wavu ulitikiswa na kitu kizito. Alikuwa perege, mpana kama kiganja, ana doa mgongoni. Kisha mwingine. Katika vifaranga mia tano vya siku ile palikuwa na perege wachache waliochanganyika, na hao walikuwa wamekua wakubwa kati ya wafupi wale. Walipatikana kumi na mmoja. Mkunga aliwatia kwenye pipa la maji ya mvua, akawa anawahesabu tena na tena kwa kuwagusa.

Na kabla dimbwi halijakauka, Jicho aliona pembeni, penye kina cha kifundo cha mguu, kundi la vifaranga. Vilikuwa vidogo kama punje za mchele, mia mbili hivi. Vimekusanyika, vinatetemeka.

"Kuna watoto hapa," alisema.

"Wa nani?"

Jicho alisimama. Alitupa kivuli cha mkono juu ya maji. Vilitawanyika, vikajikusanya, ila maji yalikuwa machache mno kuzamia. Alitupa tena. Zamani jibu lilikuwa likitoka mdomoni kabla hajalifikiria. Sasa alitazama mpaka macho yakamtoka maji kwa ukali wa jua, na hakuna kilichotoka.

"Sijui," akasema.

"Wewe hujui?"

"Wanaweza kuwa wa hawa wakubwa. Wanaweza kuwa furu. Doa likitokea tutajua, wiki tatu hivi. Lazima wakae mahali peke yao. Wakiwa perege, una bwawa, huna haja ya kungoja mtu. Wakiwa furu na tukiwarudisha humu, tumerudi kulekule."

"Basi wachukue wewe," Mkunga alisema. "Mimi hata doa la chai kwenye gauni langu silioni."

Akawachota kwa chujio la chai, kidogo kidogo, akawatia kwenye ndoo. Alipofika nyumbani alihitaji beseni pana, na beseni lilihitaji mahali penye mwanga wa dirisha ambapo paka hafiki. Palikuwa na mahali pamoja tu: meza ya kukatia nguo.

Kwa miezi mitano na nusu hakuigusa ile meza. Mkasi ulikuwa umelala wazi palepale, kwenye kipande cha kitambaa cha buluu kilichokatwa nusu. Aliuondoa mkasi, akautundika kwenye msumari. Alikunja vitambaa kimoja kimoja akavipanga kitandani kwa mdogo wake. Alifanya haraka, kwa kuwa vifaranga vilikuwa vinakosa hewa, na kwa kuwa hakuona sababu ya kufanya polepole. Kila kitambaa kilikuwa na karatasi iliyobanwa kwa pini, yenye vipimo na neno moja au mawili ya mkono wa mdogo wake. Hakuzisoma. Akajaza beseni maji ya kisima yaliyokaa juani, akamimina kundi.

Siku zikawa na kazi mpya. Asubuhi kabla ya kwenda kukagua machujio alibadilisha nusu ya maji na kuwapa unga wa kiini cha yai, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Jioni alivuta kigoda akakaa, akatazama. Havikumwambia kitu. Vilikula, vilinenepa, vilikwenda pamoja upande huu, vikarudi pamoja upande ule.

Siku ya kumi na mbili mtu alibisha. Alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mwanamke mwenye miwani, ameshika furushi.

"Samahani, dada. Nilichukua hiki zamani, siku zile. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Si changu. Changu kilikuwa buluu."

"Kipo," Jicho alisema. Akamkaribisha, akaleta rundo zima kutoka kitandani, akalitua kwenye kiti. "Angalia mwenyewe. Kila kimoja kina karatasi."

Mwalimu alichambua. Alisoma ya kwanza, akasita. Akasoma ya pili.

"Haya ni majina?"

"Sijui. Sijayasoma."

"Hii imeandikwa 'Bibi Twiga.' Hii 'Harusi Haipo.' Hii..." Mwalimu alijibana mdomo. "'Anajikuna.'"

Mdogo wake alikuwa hivyo. Mbele ya wateja alikuwa asali, na kila mmoja akishatoka mlangoni alimbatiza jina. Jicho alikuwa akiyasikia kila jioni, na alikuwa amesahau kabisa kwamba aliyasikia.

Mwalimu alifika kwenye kitambaa cha buluu. Akasoma karatasi yake mwenyewe kwa sauti: "'Kiuno cha Mwaka Jana.'"

Akacheka. Alicheka mpaka akaishika meza, maji ya beseni yakatikisika na vifaranga vyote vikakimbilia upande mmoja. "Ni kweli! Kila nikija namwambia, fundi, usinipime, weka kile cha mwaka jana. Kila mwaka! Naye ananijibu, sawa mwalimu, kama unavyotaka..." Kicheko kikamgeukia katikati, akaanza kulia. Alivua miwani akalia kabisa, kifua kinapanda na kushuka, kama mtu wa ndani ya nyumba.

Jicho alimtazama. Alimsogezea kigoda. Alimletea maji kwenye kikombe. Alingoja na yeye kilio kimjie, kwa sababu kama kingekuja basi kingekuja hapo, na akajiona kama anayengoja kupiga chafya. Hakikuja. Mwalimu alijifuta, akaomba radhi, akauliza kama anaweza kubaki na ile karatasi.

"Chukua," Jicho alisema. "Ni yako."

Alipokwisha kuondoka, Jicho alisoma zilizobaki zote. Zilikuwa thelathini na moja. Kesho yake alianza kuwapelekea wenyewe vitambaa vyao, akitafuta nani kati ya watu wa mtaa ana shingo ndefu, nani ni mnunaji, nani anajikuna. Wachache aliwakosa. Wengine walikataa katakata kwamba ni wao, halafu wakachukua. Jioni moja alijikuta amekaa chini, sahani mapajani, na alikuwa amemaliza kula. Hakukumbuka alikaa lini.

Siku ya ishirini na mbili, saa tatu asubuhi, ilikuwa Jumapili. Mwanga uliingia beseni zima. Alichota vifaranga vitatu kwa chujio la chai, akaviweka kwenye sahani nyeupe yenye maji, akainama. Nyuma ya pezi la mgongoni, kila kimoja, kulikuwa na doa. Dogo kama ncha ya sindano, jeusi. Alichota vitatu vingine. Vilevile. Akachota mpaka akafika hamsini, kwa sababu mara hii hakutaka kumwamini mtu yeyote, na yeye akiwa wa kwanza.

Akampigia Mkunga simu.

"Mama, ni perege."

"Una hakika?"

"Nimetazama hamsini."

"Basi tazama mia moja, halafu ulete."

Akatazama mia moja. Akavipeleka. Redio alikuja naye kubeba, akaongea njia nzima kuhusu jirani yake na mbuzi wa jirani yake, na bwawa la Mkunga likapokea maji mapya, wale wakubwa kumi na mmoja, na watoto wao mia moja na tisini na sita. Mkunga aliingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko ili awasikie wakipita. "Wananitekenya," akasema. Wageni wake aliwapa wali na maharage. Redio alikula kwa watatu.

Kazini Jicho aliendelea na machujio kwa miezi miwili zaidi, mpaka meneja alipochoka kubahatisha akamrudisha kwenye maji. Sasa Jicho alikuwa mwangalifu wa kuudhi. Meneja akipiga kelele kutoka mbali, "La nne vipi?", alimjibu, "Ngoja," akashuka tutani na sahani yake nyeupe, akapiga magoti. Akiwa hana hakika alisema hana hakika. Wateja walinung'unika, wakarudi baada ya wiki mbili, wakapewa walichokuja kutafuta.

Lakini ile Jumapili ya kupeleka vifaranga, walipotoka kwa Mkunga, Redio alishika njia ya kwake, na mvua ikamkuta Jicho sokoni. Alijibanza na watu wengine chini ya paa la duka la vyombo. Mwanamke mmoja aliyebeba sinia la vitunguu alirudi nyuma bila kutazama, akamkanyaga kidole gumba kwa kisigino, kwa uzito wake wote.

"We! Huoni?" Jicho alipiga ukelele. "Macho umeyaacha nyumbani? Umenivunja kidole! Mtu mzima unatembea kinyumenyume kama kaa!"

Watu wote wakageuka. Mwenye vitunguu akasema samahani, dada, samahani sana, lakini Jicho alikuwa bado anaendelea, sauti imepanda, matusi aliyokuwa hajui kwamba anayajua yanamtoka moja baada ya jingine. Kidole kilikuwa kinamuuma. Kilimuuma hasa, mpaka juu kwenye goti. Mwishowe maneno yakamwishia, akabaki anahema, amejishika ukutani, na mwenye vitunguu akainama mwenyewe kwenye tope, akamvua kiatu ili aone kama kucha imetoka.

"Haijatoka," alisema. "Lakini itakuwa nyeusi."

"Inauma," Jicho alisema.

"Najua. Keti hapa."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja peku, akangoja mvua iishe.